Shraudi za Dan Wesson .357: nitajuaje ipi imetoka nayo kiwandani na ipi imeletwa baadaye?

Kinyonga_OH

Wakuu, habari zenu. Naomba macho ya wanaozijua rivolva za Dan Wesson, zile ambazo mwenyewe unabadilisha mtutu na shraudi, yaani ganda la nje linalovalishwa juu ya mtutu.

Nina fremu ya .357, kilengeo cha nyuma kinarekebishika, rangi ni ile blu ya kung'aa. Muuzaji ameiandikia lebo "15-2VH". Boksi la kiwandani halipo. Imekuja na mitutu minne na shraudi nne, na hapo ndipo nilipokwama.

Shraudi ya kwanza ni ya inchi 6: mgongo una matundu, na tumbo (ile sehemu nene ya chini ya mtutu) linakwenda mpaka mdomoni. Ya pili ni ya inchi 4: mgongo hauna matundu, tumbo ni fupi, kilengeo cha mbele ni kipande kimoja na shraudi yenyewe, na ubavuni imegongwa .38 SPECIAL. Ya tatu ni fupi kabisa, nadhani inchi 2.5, mgongo una matundu, ila siwezi kusema kama tumbo lake ni fupi au refu. Ya nne ina umbo tofauti na zote: tumbo limejaa upande wa fremu kisha linapungua kwenda mbele, na nati yake ya kukazia mtutu inachomoza nje ya mdomo, ilhali za wenzake zimezama ndani.

Maswali: ipi ni ya bastola hii? Je, ile "VH" kwenye lebo ina maana yoyote kama shraudi zinabadilishwa? Na kuna yoyote hapa ambayo nisithubutu kuifunga? Spana ninayo, fila geji (kile kibamba cha kupimia pengo la mtutu na silinda) haikuja.

---

Fundi_Spana

Mkuu, tuanze na lebo, maana ndiyo inayopotosha wengi.

Kwenye majina ya Dan Wesson, namba inaeleza fremu na kaliba, herufi zinaeleza shraudi. 15 ni .357 yenye kilengeo cha nyuma kinachorekebishika, na ile -2 ni toleo la muundo. 14 ni .357 hiyo hiyo yenye vilengeo visivyosogea. 8 na 9 ni .38 Special, 8 visivyosogea, 9 vinavyorekebishika. Baada ya hapo: bila herufi ni mgongo usio na matundu na tumbo fupi, yaani shraudi ya kawaida. V ni mgongo wenye matundu na tumbo fupi. H ni nzito, tumbo limefika mdomoni lakini mgongo hauna matundu. VH ni vyote viwili pamoja. Ukiona namba mwishoni, mfano VH6, hiyo ni inchi za mtutu.

Kwa hiyo "15-2VH" ni maelezo ya jinsi ilivyofungwa siku inatoka kiwandani. Mtu mwenye 15-2 ya kawaida akinunua shraudi ya VH pembeni, dakika tano baadaye ana bastola inayofanana kabisa na VH, na hakuna atakayemkamata kwa kuangalia umbo tu. Namba ya usajili iko kwenye fremu. Shraudi haina namba ya kuioanisha nayo. Kitu pekee kinachosema VH kwa uhakika ni lebo ya ubavuni mwa boksi la kiwandani, ikiwa na namba ileile ya fremu. Muuzaji asiye na boksi akakuandikia VH ameeleza anachokiona mbele yake, basi. Usimlipe zaidi kwa ajili ya herufi mbili.

Kuwa na shraudi nyingi peke yake si dalili mbaya. Kiwanda chenyewe kiliuza seti iliyoitwa Pistol Pac: fremu moja, mitutu minne ya inchi 2.5, 4, 6 na 8 na shraudi zake, mpini wa ziada, visu vya kilengeo cha mbele vya rangi tofauti, spana, fila geji, mpaka bakoli ya mkanda, vyote kwenye mkoba. Lakini seti yako si Pistol Pac. Seti ile ilitoka na shraudi za aina moja kwa urefu tofauti. Wewe una familia tatu kwenye sanduku moja.

Sasa moja moja.

Ya inchi 6 ni VH, hilo halina mjadala kwa umbo. Kinachobaki ni kujua kama imekaa na fremu hii muda mrefu. Ifunge, uangalie mstari wa kukutana kwa shraudi na fremu chini ya mwanga wa dirisha, si taa ya chumbani. Blu ya zamani hubadilika taratibu: nyingine huelekea zambarau kidogo, nyingine kahawia. Fremu na shraudi zilizozeeka pamoja zina toni moja pande zote mbili za mstari, na mikwaruzo ya ala ya ngozi hupita toka moja kwenda nyingine bila kukatika. Ukiona shraudi inang'aa kama kioo na fremu imefifia kwenye kingo, hazikuishi pamoja. Angalia pia maandishi yaliyogongwa: kingo za herufi zikiwa zimelainika na matundu ya mgongo yamekuwa na midomo ya duara badala ya kona kali, imepigwa msasa na kutiwa blu upya.

Soma na mji ulioandikwa. Monson, Massachusetts ndiko kiwanda kilikoanza mwaka 1968 chini ya Daniel B. Wesson wa pili, kitukuu cha yule mwanzilishi mwenza wa Smith & Wesson. Baadaye kazi ilihamia Palmer, jimbo hilohilo, kisha ikauzwa na kwenda Norwich, New York, na mwaka 2005 jina likachukuliwa na CZ-USA. Shraudi ya Norwich kwenye fremu ya Monson inaweza kukaa vizuri na kupiga vizuri, ila huwezi kuiita ya asili.

Ya inchi 4 umejijibu mwenyewe bila kujua. Imegongwa .38 SPECIAL na kilengeo chake hakitoki: hiyo imetoka kwenye Model 8-2. Kwenye 15 kisu cha kilengeo cha mbele hutolewa na kubadilishwa. Tundu la mtutu wa .38 na wa .357 ni kipenyo kilekile, kwa hiyo usalama hauna shida hapo, shida ni shabaha. Kilengeo cha mbele cha 8 kilipangwa kwa mfereji wa juu ya fremu, ambao ndio kilengeo cha nyuma cha 8, ulio chini kuliko kilengeo chako cha nyuma. Mbele chini, nyuma juu: utainua mdomo bila kutaka na risasi zitapiga juu ya alama. Hata ukishusha kilengeo cha nyuma mpaka mwisho, huenda usifike.

Ya nne usiifunge kwanza. Nitaachia wengine.

---

Bi_Kaliba

Nyongeza kwa Fundi, maana kuna hatari haijatajwa. Kaliba tunayoisoma imegongwa kwenye shraudi. Risasi haipiti kwenye shraudi, inapita kwenye mtutu. Na fremu ndogo za Dan Wesson, yaani .22, .32, .38 na .357, zinashirikiana shraudi. Mtu anaweza kukuuzia mtutu wa .32 umevalishwa shraudi iliyoandikwa .357 na ukasoma maandishi ukaridhika.

Kwa hiyo kila mtutu utoe nje ya shraudi, uupime mdomoni kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo. Wa .22 utauona kwa macho. Wa .32 dhidi ya .357 si rahisi kwa jicho la haraka: kwenye mifereji ya ndani ya mtutu .357 ni karibu milimita 9.07, wa .32 uko karibu 7.9. Tofauti ya milimita moja na kidogo, na ni tofauti ya mtutu kupasuka.

Wakati mtutu uko nje, usugue kwa kidole kote. Kati ya mtutu na shraudi kuna nafasi ya hewa, na kutu hujificha hapo miaka mingi huku nje pakiwa safi. Nimeona watu wanalipa bei ya hali ya juu kwa shraudi nzuri iliyofunika mtutu wenye vishimo.

Kuhusu ya inchi 2.5: usitafute tofauti kwa urefu wa tumbo, utachanganyikiwa bure. Tumbo la kawaida lipo kwa ajili ya kufunika fimbo ya kutolea maganda, na kwenye mtutu mfupi kiasi hicho fimbo yenyewe inakaribia mdomo. Kwa hiyo hata lile "fupi" linajaa karibu shraudi yote. Angalia linavyoishia. La kawaida linakatwa kwa mteremko kabla ya uso wa mdomo, ukiweka rula wima mdomoni utaona pengo la pembetatu chini. La H linakwenda moja kwa moja mpaka usawa wa mdomo, rula inalala bila pengo. Piga picha ya ubavu uiweke hapa.

Usishangae pia ukipima shraudi ya "inchi 6" ukapata pungufu. Inchi zinahesabiwa kwenye mtutu, toka nyuma yake karibu na silinda mpaka mdomoni, na sehemu ya nyuma ya mtutu imezama ndani ya fremu. Shraudi lazima iwe fupi kuliko jina lake.

---

Kinyonga_OH

Asanteni sana. Nimetoa mitutu yote. Mitatu inasoma 9.05 hadi 9.1 kwa kalipa yangu ya bei rahisi, na wa shraudi yenye nati ya nje nao ni huohuo. Ile ya 2.5 rula inaacha pengo chini, kwa hiyo ni V, siyo VH. Fremu na shraudi ya inchi 6 ni toni moja, mkwaruzo wa upande wa kulia unavuka mstari. Zote zimeandikwa Monson.

Bado hiyo ya nne. Na utaratibu wa kufunga bila kuharibu, tafadhali.

---

Mzee wa Monson

Bwana Kinyonga, hiyo ya nne ndiyo iliyonifanya niandike. Wamarekani wanaiita kwa jina la nyama ya ubavu yenye mfupa, kwa sababu ya hilo tumbo linalonenepa nyuma na kukonda mbele. Ni ya kizazi cha mwanzo, Model 11 na 12 za mwanzoni mwa miaka ya 1970. 11 ni yenye vilengeo visivyosogea, 12 ni yenye kurekebishika. Nati ya nje ni alama yake kubwa. Baadaye nati ikazamishwa ndani ya shraudi, ndiyo hii unayoiona kwenye 15-2, na spana ikawa na meno mawili yanayoingia kwenye mapengo ya nati.

Usiichanganye na sehemu za 15-2. Sababu ni ya kimakanika: shraudi ya nati iliyozama imechongwa kijumba ndani ya mdomo ambamo nati inakalia, na ya nati ya nje haina. Mtutu wake nao lazima uchomoze mbele ya shraudi ili nati ipate thredi za kushika. Ukivalisha mtutu wa 15-2 ndani ya shraudi ya zamani, nati inashika thredi chache au haishiki kabisa. Inaweza kuonekana imekaza mezani, ikapiga risasi chache, ikaanza kulegea. Shraudi, mtutu na nati ya kizazi hicho vikae pamoja kama seti moja, na nati usiipoteze kwa sababu kuipata peke yake ni kazi.

Kwa mkusanyaji hicho ndicho kipande cha kuvutia kuliko vyote ulivyonavyo, kuliko hata VH ya inchi 6. VH ziko nyingi. Mwenye fremu ya Model 12 iliyopoteza shraudi yake atakutafuta yeye mwenyewe. Tafadhali usiitie blu upya, hata kama imekwaruzika.

---

Fundi_Spana

Mzee amemaliza. Nije kwenye kufunga.

Fungua silinda, hakikisha vyumba vyote sita ni vitupu, vipitishie kidole. Safisha uso wa mbele wa fremu na uso wa nyuma wa shraudi kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia: chembe ya risasi au ukingo ulioinuka unaisukuma shraudi mbele, nati inakosa thredi, na shraudi inakaa imepinda kidogo.

Skurubu mtutu kwenye fremu kwa mkono. Silinda ikiwa imefungwa, weka fila geji ya inchi 0.006, yaani karibu milimita 0.15, kati ya nyuma ya mtutu na uso wa silinda, uzungushe mtutu mpaka uiguse. Geji itoke kwa kuburuta kidogo, isikwame. Hiyo ni kwa .357. Geji ya kawaida ya gereji inafaa, ya kusetia valvu, ilimradi ina bamba hilo na ni jembamba la kutosha kuingia.

Usipime chumba kimoja ukaridhika. Silinda haiko bapa kikamilifu, kwa hiyo zungusha, upime mbele ya vyumba vyote, utafute kilicho karibu zaidi na mtutu, na usetie kwa hicho. La sivyo utaweka 0.006 kwa chumba kilicho mbali halafu kingine kiwe na 0.003, na bastola ikipata moto na masizi silinda itaanza kukwama.

Telezesha shraudi. Mbele ya fremu kuna pini, nyuma ya shraudi kuna tundu lake: vikutane vyenyewe bila kugongwa. Geji ikiwa bado ndani, weka nati, kaza kwa spana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: nati inakazwa kuelekea uleule ambao mtutu unaingia kwenye fremu, kwa hiyo inauvuta mtutu uzunguke nayo na pengo linapungua. Ukikaza halafu geji haitoki, usiivute kwa koleo. Legeza nati, rudisha mtutu nyuma kidogo sana, kaza tena, na upime upya vyumba vyote.

Kaza kwa nguvu ya mkono mmoja kwenye spana ya kiwandani, usiongeze bomba. Nati ndiyo inayouvuta mtutu mbele wakati fremu inaushika nyuma, na mvutano huo ndio uliozipa bastola hizi sifa ya kulenga vizuri. Ikiwa legevu, risasi zinatawanyika bila mpangilio na utailaumu baruti. Baada ya risasi kama 50 za kwanza, igusie tena spana.

---

Kisauni_Boy

Naongeza la pembeni kwa walio ughaibuni. Marekani shraudi ni chuma tu, kisheria bunduki ni fremu, na unaweza kununua mtutu mtandaoni kama spea ya gari. Usije na mazoea hayo huku. Kenya, Sheria ya Silaha sura ya 114 inahesabu sehemu ya silaha kuwa silaha. Mtutu au shraudi kwenye begi lako la likizo pale JKIA au Moi Mombasa ni kesi, hata kama huna fremu. Na kutoka Marekani kwenyewe sehemu hizi zinahitaji kibali cha kusafirishwa nje. Acha nyumbani, leta picha.

---

Bi_Kaliba

Kisauni yuko sahihi kabisa.

Kinyonga, jambo moja kabla hujanunua shraudi nyingine kuziba mapengo. Ukiona ndefu yenye mipasuo ya ziada ubavuni, mbali na matundu ya mgongoni, usidhani mtu amechonga kwake. Kiwanda kilitengeneza shraudi za mipasuo ya inchi 8 kwa zile fremu ndefu za SuperMag, kwa wapiga shabaha za sanamu za chuma, waliokuwa na kikomo cha uzito wa ratili 4 kwa bastola. Alama yake ni V8S. Lakini hizo ni za fremu ndefu, na za .44 ni za fremu kubwa. Hakuna inayokaa kwenye yako. Wauzaji wengi huandika "inaingia Dan Wesson zote", na hilo si kweli.

Kuna pia shraudi za watengenezaji wa baadaye, EWK Arms kwa mfano. Ni kazi nzuri kwa kupigia shabaha. Zinatambulika kwa kukosa maandishi ya Monson na kwa maumbo ambayo kiwanda hakikuwahi kuyauza. Ukikuta shraudi haina maandishi kabisa, uliza ni ya nani kabla ya kuuliza bei. Inaweza kuwa ya nje, au ya kiwandani iliyosuguliwa mpaka herufi zikaisha, na hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi.

---

Kinyonga_OH

Nimeelewa. Kwa hiyo nitaiandika kwenye daftari langu kama 15-2 yenye shraudi ya VH6, siyo "15-2VH". V ya 2.5 inabaki, ya 8-2 nitaitenga na mtutu wake, na ile ya nati ya nje nimeifungia pamoja na mtutu na nati kwenye mfuko mmoja. Geji nimeagiza. Swali la mwisho: mfuko wa plastiki na mafuta, inafaa kwa kuhifadhi?

---

Mzee wa Monson

Plastiki iliyofungwa inashika unyevu ndani, usiitumie. Wala usiiache kwenye mkoba wa ngozi, kemikali za kusindikia ngozi zinakula blu. Ipake mafuta mepesi ndani na nje, hasa thredi za pande zote mbili za mtutu, iviringishe kwa karatasi ya kuzuia kutu, na uiweke kwenye sanduku linalopitisha hewa. Andika kikaratasi kinachosema vitatu hivyo ni seti, maana siku ukiuza mtu atavitenganisha.

Mwenye Model 12 akijitokeza humu, nitamwelekeza kwako.